Neno Lateksi na Haki ya Mnunuzi

Muuzaji akiandika juu ya bidhaa yake neno ambalo kwake yeye ni la kweli, na mnunuzi akalisoma kwa maana nyingine akadhurika, je, muuzaji huyo amesema kweli au amesema uongo? Swali hili ni la zamani kama masoko yenyewe. Aghalabu hujibiwa kwa mifano ya mizani ya kupunja na maziwa yaliyotiwa maji. Mifano hiyo ni myepesi, kwa kuwa mtenda kosa ajua moyoni kwamba anatenda kosa. Mgumu zaidi ni mfano wa neno lenye maana nyingi, ambalo kila alitumiaye ana hoja ya kulitetea. Neno lateksi ni la namna hiyo. Leo huonekana juu ya visanduku vya glavu, makopo ya rangi, magodoro na vifaa vya hospitali. Na katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja limewapotezea watu fedha, limewatia wengine hofu isiyo na sababu, na kwa kukosekana au kutumiwa vibaya limewaweka wengine katika hatari ya kufa. Yafaa litazamwe kwa makini, si kwa ajili ya kemia iliyomo ndani yake, bali kwa ajili ya swali la haki lililojificha nyuma yake.

Asili ya neno hili ni Kilatini, ambamo lilikuwa na maana ya kitu cha majimaji, kama maji yenyewe au divai. Wanasayansi wa mimea wakalitwaa baadaye kuutaja utomvu, hasa ule mweupe kama maziwa utokao katika mimea mingi inapokatwa. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waujua utomvu wa namna hii bila ya kufundishwa na mtu. Apasuaye fenesi hupaka kisu na mikono mafuta kwanza, ili ulimbo usimgande. Mwenye ua wa mnyaa humwonya mtoto asivunje vitawi vyake, kwa kuwa maziwa yake huunguza macho. Mpishi naye hutumia papai bichi kulainisha nyama ngumu, na kinacholainisha ni utomvu uliomo ndani yake. Hata afyuni, iliyoangamiza watu wasio na idadi, ni utomvu uliokauka wa tunda la mpopi. Vyote hivi kwa mwanasayansi wa mimea ni lateksi, ilhali kimoja hunasa, cha pili huunguza, cha tatu hulainisha, na cha nne hulevya. Basi tangu mwanzo jina hili lilitaja sura ya kitu, wala halikutaja tabia yake.

Mti uliolipa neno hili umaarufu wa biashara ni mpira wa Amazon, ambao wanasayansi huuita Hevea brasiliensis. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alichukua mbegu zake zipatazo 70,000 kutoka Brazili akazipeleka bustani ya Kew, London, na miche iliyoota huko ikasafirishwa mpaka Asia, ikawa chanzo cha mashamba makubwa ya Malaya na nchi za jirani. Utomvu wa mti huu, unapotoka katika gome, una mpira wa kadiri ya sehemu 30 hadi 40 katika kila 100. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ni maji, na pamoja nayo mna protini kidogo. Afrika Mashariki nayo ilipata fungu lake katika historia hii: Wajerumani walipanda katika nchi za Tanga na Usambara mpira wa aina nyingine, ulio jamaa ya muhogo, hata bei ilipoporomoka mwaka 1913 kwa wingi wa mpira wa Asia, kilimo hicho kikaanguka. Lakini neno mpira lilikwisha kuingia katika kila nyumba.

Maana ya pili ya neno lateksi ilitoka kiwandani. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipoiteka Malaya na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, Marekani ilikatiwa sehemu kubwa ya mpira wake wa mashamba, ikalazimika kutengeneza mpira kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Mpira huo ulitengenezwa ukiwa chembe ndogo mno zilizoenea ndani ya maji, na maji hayo yalionekana meupe kama maziwa ya mti. Wakemia wakayaita lateksi. Tangu hapo, kwa mkemia, lateksi si utomvu wa mti hata kidogo; ni hali ya kitu, yaani chembe za polima zilizotawanyika ndani ya maji bila ya kuyeyuka. Chembe hizo zaweza kuwa za akriliki, za vinili au za kitu kingine, na mti usiwe na sehemu yoyote katika jambo hilo.

Maana ya tatu ni ya mfanya biashara. Yeye huita lateksi kile kitu kilichokwisha kutengenezwa: glavu, puto, kondomu, godoro. Hapa neno limegeuka kabisa. Kwa Mrumi lilikuwa jina la kitu cha majimaji, na kwa mchuuzi wa leo ni jina la kitu kikavu kinachonyumbulika. Basi mtu mmoja asema lateksi akiwa na maana ya maziwa ya mmea, wa pili akiwa na maana ya hali ya mchanganyiko, na wa tatu akiwa na maana ya bidhaa. Kila mmoja wao akiulizwa aweza kuapa kwamba hakudanganya, na kiapo chake kikawa cha kweli.

Yamkini mtu akauliza: pana ubaya gani katika hayo? Kila lugha ina maneno ya maana nyingi. Katika Kiswahili mbuzi ni mnyama wa kuchinjwa, na mbuzi ni kibao cha kukunia nazi. Paa ni mnyama wa porini, na paa ni kifuniko cha nyumba. Hapana mtu aliyekwenda mnadani kununua mbuzi wa sikukuu akarudi nyumbani na kibao cha kukunia nazi. Hoja hii ni nzuri, lakini ikichunguzwa, yenyewe ndiyo inayoonyesha kosa lilipo. Mnunuzi wa mbuzi hapotei kwa sababu jicho lake husaidia sikio lake. Amwona mnyama, amsikia akilia, amshika mgongo. Neno lenye maana nyingi halina madhara mahali penye njia nyingine ya kujua.

Glavu si mbuzi. Glavu mbili, moja ya mpira wa mti na moja ya mpira wa kiwandani, zaweza kufanana hata mvaaji asiweze kuzipambanua. Kizibo cha chupa ya dawa hakisemi kimetoka wapi. Rangi iliyokwisha kukauka ukutani haionyeshi nasaba yake. Hapo neno lililoandikwa kwenye lebo ndilo jicho la mnunuzi, ndilo mkono wake, ndilo shahidi wake wa pekee. Mwenye kumwazima mtu jicho bovu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba macho mabovu ni mengi duniani. Kutokana na haya hupatikana kanuni moja: kadiri njia nyingine za kujua zinavyopungua kwa msikiaji, ndivyo wajibu wa msemaji unavyozidi. Muuzaji wa kitu kinachoonekana aweza kuliachia jicho la mnunuzi sehemu ya kazi. Muuzaji wa kitu kisichojulikana ila kwa maandishi hana wa kumwachia.

Madhara ya neno hili yaweza kupangwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya chini ni ya mfuko. Povu la godoro laweza kufanywa kwa utomvu wa mti, au kwa lateksi ya kiwandani itokanayo na petroli, au kwa mchanganyiko wa yote mawili. Zote huitwa lateksi, na kwa mkemia zote zastahili kuitwa hivyo. Lakini mnunuzi anayelipa bei ya juu kwa kuwa aamini kwamba analalia zao la shamba, kisha akawa amelalia zao la kisima cha mafuta, amepunjwa hata kama kila herufi ya lebo ni sahihi. Zaidi amepunjwa ikiwa pembeni mwa neno hilo pamechorwa jani la kijani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini godoro limeshonwa pande zote, na mnunuzi haruhusiwi kulipasua dukani.

Ngazi ya pili ni ya hofu. Mwaka 1948 kampuni moja ya Marekani ilianza kuuza rangi ya ukuta iliyochanganywa kwa maji na yenye chembe za mpira wa kiwandani. Rangi za jamii hiyo zikaenea, na Wamarekani wakazizoea kwa jina la rangi ya lateksi. Siku hizi chembe zake kwa kawaida ni za akriliki au vinili. Hazina utomvu wa mpira ndani yake. Lakini mtu ambaye daktari amemwambia ajihadhari na lateksi, akisoma neno hilo kwenye kopo, hana sababu ya kutoogopa. Madaktari wa mzio wa Marekani hulazimika kuwaeleza wagonjwa wao tena na tena kwamba rangi hiyo haiwahusu. Waingereza huiita rangi ile ile kwa jina la mchanganyiko wake, na Waswahili huiita rangi ya maji, wakiipambanua na rangi ya mafuta. Jina la Waswahili ni la kawaida kabisa, tena halina fahari ya sayansi, lakini humwambia fundi na mwenye nyumba jambo wanalotaka kujua, wala halimtishi mgonjwa.

Yaweza kudhaniwa kwamba hofu ya bure ni kosa dogo, maana aogopaye bure hafi. Si hivyo. Mtu aliyeonywa juu ya mambo kumi, akagundua kwamba manne miongoni mwake hayakuwa na hatari, hulidharau la tano ambalo lina hatari ya kweli. Onyo ni kama ngoma ya mgambo: ikipigwa kila siku pasipo jambo, siku ya jambo watu hawatoki. Kwa hiyo atumiaye vibaya neno la hatari mahali pasipo na hatari amelinyima nguvu mahali linapohitajiwa.

Ngazi ya tatu ni ya uhai wenyewe. Katika Kiswahili mzio ni neno la zamani la chakula kisichopatana na mtu, na leo ni jina la ugonjwa wa mwili kukikataa kitu ambacho kwa wengine hakina dhara. Protini zilizomo katika utomvu wa mpira zaweza kuamsha mzio wa kutisha: ngozi hututumka, midomo huvimba, njia ya pumzi huziba, nguvu ya damu hushuka, na mtu aweza kufa katika muda wa dakika chache. Mwaka 1979 jarida moja la madaktari wa ngozi wa Uingereza lilitangaza habari ya mtu aliyetutumka mwili kwa sababu ya glavu za mpira. Wakati huo jambo hilo lilionekana la ajabu tu. Lakini mwaka 1987, kwa sababu ya UKIMWI, wakuu wa afya wa Marekani waliwaagiza watumishi wa hospitali wajikinge na damu ya kila mgonjwa bila ya kubagua. Agizo hilo lilikuwa la haki na liliokoa wengi. Mahitaji ya glavu yakapanda ghafula, na watumishi wakawa huvaa na kuvua mpira mchana kutwa.

Matokeo yalionekana upesi. Wauguzi, madaktari wa upasuaji, na watoto waliozaliwa na kasoro ya uti wa mgongo, ambao hupasuliwa mara nyingi tangu utoto, walianza kudhurika. Mwaka 1991 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, ijulikanayo kwa herufi FDA, ilitoa onyo kwa hospitali zote. Kufikia mwaka 1992 idara hiyo ilikuwa imepokea zaidi ya taarifa 1,000 za watu waliodhurika, na vifo zaidi ya 10. Unga wa wanga uliotiwa ndani ya glavu ili zivalike kwa urahisi uliongeza balaa, kwa kuwa ulibeba protini hewani hata zikavutwa na wasiogusa glavu yoyote. Glavu zenye unga zilipigwa marufuku katika hospitali za Marekani kuanzia Januari 2017.

Katika mambo haya neno la lebo lilikuwa na sehemu yake. Kwanza lilikosekana. Kifaa kilichoingizwa mwilini mwa mgonjwa hakikusema kimefanywa kwa nini. Kisha lilipotumiwa, mara nyingine lilitumiwa kwa namna ya kupotosha. Viwanda hutia katika mpira kemikali za kuharakisha kuiva kwake, na kemikali hizo zaweza kuwasha ngozi. Baadhi ya watengenezaji wa glavu walizipunguza, wakaandika kwamba glavu zao hazielekei kuamsha mzio. Kwa upande wa kemikali, walisema kweli. Lakini mgonjwa ambaye adui yake ni protini, wala si kemikali, alisoma maneno hayo akadhani yamwelekea yeye. Akavaa glavu ambayo ilikuwa na protini zote za mti, huku ameandikiwa amani.

Yafaa mahali hapa kukumbuka hadithi mashuhuri ya Kiislamu. Husimuliwa kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini. Alipomwuliza mwenye nafaka, alijibiwa kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiiweke ile yenye unyevu juu, watu waione. Katika hadithi hii muuzaji hakusema neno la uongo. Nafaka ya juu ilikuwa kavu kweli, na mvua haikuwa kosa lake. Alichokosea ni mpango: aliweka ukweli unaompendeza mnunuzi mahali pa kuonekana, na ukweli unaomhusu mahali pa kufichika. Lebo isemayo kweli juu ya kemikali na kunyamaza juu ya protini ni lundo la namna hiyo hiyo.

Serikali ya Marekani iliingilia kati. Kwa kanuni iliyotangazwa Septemba 1997 na kuanza kazi Septemba 1998, vifaa vya tiba vyenye mpira wa asili vililazimishwa kuandikwa hivyo kwa maneno yaliyowekwa na sheria, pamoja na onyo la mzio kwa vile vilivyofanywa kwa utomvu. Na vifaa hivyo vikakatazwa kudai kwamba havielekei kuamsha mzio. Huo ulikuwa ushindi wa sikio la mnunuzi juu ya mdomo wa muuzaji, kwa maana sheria haikuuliza tena kama muuzaji alikuwa na nia njema. Iliuliza msomaji ataelewa nini.

Baada ya hapo likazuka neno jingine, lililoonekana kuwa rafiki wa wagonjwa: haina lateksi. Kwa mtazamo wa kwanza hapana maneno bora kuliko hayo. Mgonjwa ataka kujua kama kitu kina adui yake, naye aambiwa hakina. Lakini maneno haya mafupi yana kasoro tatu, na kila moja yastahili kupimwa.

Kasoro ya kwanza ni kwamba neno lateksi ndani yake lingali na maana zile zile tatu. Vizibo vingi vya mpira havikufanywa kwa utomvu wa majimaji, bali kwa mpira ulioganda na kukaushwa kuwa karatasi au matofali. Fundi wa kiwanda hauiti huo lateksi, na kwa lugha ya kazi yake yu sahihi. Aweza basi kuandika kwamba kizibo chake hakina lateksi, ilhali kimetoka katika mti ule ule na chaweza kuwa na mabaki ya protini zile zile. Ndiyo sababu kanuni ya mwaka 1997 ilitaja mpira mkavu wa asili peke yake, ukapewa maneno yake.

Kasoro ya pili ni ya kuchekesha, lakini yafundisha. Glavu za nitrili, ambazo ndizo kimbilio la wenye mzio wa mpira, hufanywa kwa kuchovya umbo la mkono katika pipa la chembe za nitrili zilizotawanyika majini. Kiwandani, kitu hicho huitwa lateksi ya nitrili. Kwa hiyo wafanya kazi huchovya katika lateksi, kisha sanduku huandikwa kwamba halina lateksi, na pande zote mbili zimesema kweli. Neno likiweza kuthibitishwa na kukanushwa juu ya kitu kimoja bila ya mtu yeyote kudanganya, halifai tena kukabidhiwa maisha ya mtu mpaka limewekewa mpaka.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo yangebaki hata kama maana ya neno ingekuwa moja tu. Kusema kwamba kitu hakimo ni kudai kujua mambo yote yaliyokipata kifaa tangu kilipoanza kutengenezwa: mashine zilizokigusa, mikono iliyokifunga, ghala lililokihifadhi. Desemba 2014 idara ile ya FDA iliwashauri watengenezaji waache kuandika kwamba bidhaa haina lateksi, kwa sababu hapakuwa na kipimo kiwezacho kuthibitisha kwamba protini zote za mzio hazimo kabisa. Ikawashauri waandike badala yake kwamba bidhaa haikutengenezwa kwa utomvu wa mpira wa asili.

Msomaji wa haraka ataona kwamba maneno haya mawili ni mamoja. Si mamoja. La kwanza ni tangazo juu ya kitu. La pili ni ushahidi juu ya tendo. Asemaye “hakimo” ajitwalia elimu ambayo mwanadamu hana. Asemaye “sikukitia” asema jambo analolijua, kwa kuwa mikono ni yake. Kadhi hamtaki shahidi aeleze yaliyo gizani. Amtaka aeleze alichokiona na alichokitenda. Shahidi aliyesema machache anayoyajua hufaa haki kuliko shahidi aliyesema mengi ili kumfurahisha aliyemwita. Tena mgonjwa aliyeambiwa “sikukitia” huelewa kwamba baki la hatari lingalipo, akaendelea kuwa macho. Aliyeambiwa “hakimo” huvua silaha zake.

Kuna wanaopinga. Wadai kwamba maneno haya ya uangalifu ni hila ya wanasheria, ambao wataka kampuni isishitakiwe, na kwamba mgonjwa ataka faraja, hataki sarufi. Hapana shaka kwamba wako waandikao kwa nia hiyo. Lakini nia ya mwandishi haibatilishi faida ya maneno. Ahadi ambayo mpaka wake wajulikana ni fimbo ya kutembelea. Ahadi isiyo na mpaka ni fimbo iliyochorwa ukutani, ambayo humwangusha aiegemeaye. Upinzani huo una haki katika jambo moja tu: ushahidi wa tendo hautoshi ukiwa wa kukana peke yake. Mtengenezaji hapaswi kukomea kusema hakutumia nini. Yapasa ataje alichokitumia, iwe ni nitrili, vinili au silikoni, kwa kuwa hata glavu isiyo ya mti yaweza kuwa na zile kemikali za kuwasha. Jina la kitu kilichopo huzuia makosa mengi kuliko orodha ya vitu visivyokuwapo.

Wapo pia watakaotaja msemo wa kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Msemo huu una mahali pake katika mafumbo na katika mazungumzo ya wazee, ambapo kujua ni heshima na kutojua ni funzo. Sokoni hauna nafasi. Mnunuzi hulipa kwa sababu hajui; angalijua kutengeneza glavu na kupima protini asingalihitaji lebo. Ujinga wake juu ya kitu ndio uliomleta dukani, na kuufanya ujinga huo kuwa kosa lake ni kumtoza mara mbili.

Wasemaji wa Kiswahili wana sababu yao ya kulifikiri jambo hili. Neno mpira limekuwa pana kuliko hata lateksi. Mpira ni mti, mpira ni mchezo, mpira wa maji ni bomba la bustani, na mpira wa mkojo ni kifaa cha hospitali. Bomba la bustani mara nyingi ni la plastiki, na mpira wa mkojo waweza kuwa wa utomvu au wa silikoni. Muuguzi akimwuliza mgonjwa kama mpira humdhuru, mgonjwa aweza kujibu la kwa moyo safi, akifikiri juu ya viatu vya raba na uwanja wa kandanda. Swali lililo bora huliacha neno na kuuliza tukio: je, umewahi kuvimba midomo ulipopuliza puto? Je, ngozi yako hututumka ukivaa glavu? Ndizi, parachichi au papai hukuwasha kinywa? Matunda hayo yana protini zinazofanana na za mpira, na wengi wenye mzio wa mpira hudhuriwa nayo.

Wakati huo huo neno lateksi laingia katika Kiswahili kupitia masanduku ya bidhaa, nalo laja na mizigo yake yote mitatu. Watungaji wa kamusi, wafasiri na mashirika ya viwango wana nafasi ambayo Waingereza na Wamarekani hawakuipata, kwa sababu wao walilikuta neno limekwisha kuharibika. Kiswahili chaweza kulipokea kwa mpaka. Maziwa ya mmea yana jina lake, nalo ni utomvu. Kitu kitokanacho na mti chaweza kuitwa mpira wa asili, na kile cha kiwandani kikaitwa mpira wa viwandani, na kutajwa kwa jina lake khasa. Rangi ya maji ibaki rangi ya maji. Na juu ya sanduku la hospitali yaandikwe maneno kamili hata kama ni marefu: bidhaa hii imetengenezwa kwa utomvu wa mpira wa asili, ambao waweza kuleta mzio. Urefu wa maneno hayo humgharimu mtengenezaji nafasi ya vidole viwili katika karatasi.

Basi swali la mwanzo lipate jibu. Muuzaji aliyeandika neno la kweli kwa maana yake mwenyewe, akijua au akipaswa kujua kwamba mnunuzi atalielewa vingine, hakusema uongo kwa ulimi, lakini hakutimiza kweli. Kweli ya sokoni haiishi mdomoni mwa msemaji peke yake. Hukamilika inapofika kwa asikiaye ikiwa ingali nzima. Neno la lebo ni amana iliyowekwa kwa mwenye kujua kwa ajili ya asiyejua, na amana hurudishwa kwa mwenyewe kwa namna anayoweza kuitambua. Aliye kitandani akingoja kupasuliwa hatauliza kama neno lilikuwa sahihi kwa mkemia. Glavu imekwisha kuvaliwa, na mkono uliomo ndani yake unamkaribia.